Kiapo cha Olenguruone

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa, mji mdogo wa kando ya njia ambapo madereva wa malori husimama kula na kulala. Kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Sachangwan na Mau Summit. Upande wa kushoto, ng'ambo ya Molo, iko nchi ya baridi na ukungu iitwayo Olenguruone. Wanafunzi wengi wamelisikia jina hilo katika habari za mapigano tu. Lakini katika miaka ya 1940 palitokea huko jambo ambalo kila atakaye kujua jinsi wanyonge wanavyojipanga hana budi kulitazama.

Mwanzoni mwa miaka hiyo Serikali ya kikoloni iliwahamishia Olenguruone Wakikuyu elfu kadhaa. Wengi walikuwa wamefukuzwa katika nchi ya Wamasai walikokuwa wakilima. Wengine asili yao ilikuwa Tigoni, karibu na Limuru, ambako ardhi yao ilikuwa imetwaliwa kwa ajili ya walowezi. Wao walisema: tumepewa mahali hapa badala ya ardhi yetu, basi ni mali yetu. Serikali nayo ikasema: ninyi ni wapangaji, mtakaa kwa masharti. Masharti yenyewe yaliamuru nini kipandwe, shamba lipumzishwe vipi, na kwamba mrithi awe mtoto mmoja tu. Mzee mwenye wana watano angewaambia nini wale wanne?

Nakiri kwamba baadhi ya kanuni zile za kilimo hazikuwa mbaya, kwa maana udongo wa milimani huchukuliwa upesi na mvua. Lakini kuzitii kulikuwa ni kukubali upangaji, na hilo watu walilitambua mapema. Wakakataa kutia sahihi.

Sasa tazama, msomaji, walivyofanya. Chama cha Kikuyu Central Association kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1940. Kiapo chake cha zamani kilikuwa cha wanachama waaminifu tu, watu wachache. Huko Olenguruone, yapata mwaka 1943 na 1944, desturi hiyo iligeuzwa: wakala kiapo wanaume, wanawake na hata watoto. Maana yake ni nyepesi kuelewa. Wakiapa wazee kumi, Serikali yaweza kuwakamata wote kumi, au kumshawishi jirani yao mmoja atie sahihi kisha wengine wamfuate. Wakiapa wote, hapana wa kununuliwa.

Hata hivyo kiapo peke yake kisingalifika mbali. Walijenga shule zao wenyewe, wakachanga fedha, wakatafuta mawakili. Mahindi yakapandwa palipokatazwa, na kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake zaidi ya wanaume, kwa kuwa jembe lilikuwa lao. Viongozi wangeweza kuhutubia mchana kutwa. Kama wake zao wangalipanda kwa kufuata kanuni, ugomvi ungalikwisha msimu ule ule.

Walishindwa. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikakamatwa, na kufikia mwaka 1950 wakaidi walikuwa wamekwisha kuondolewa, wengi wakipelekwa Yatta, nchi kavu isiyofanana hata kidogo na Mau. Lakini mtindo wa kuwaapisha watu wote ulikuwa umekwisha kuenea kwa maskwota wa mashamba ya Wazungu katika Bonde la Ufa, na hata Kiambu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ilitangaza hali ya hatari katika Kenya nzima.

Je, tuwasifu kwa yote? Mimi siwezi. Jambo la siri halijadiliwi hadharani, na asiyetaka kuapa hakuachwa atumie hiari yake. Tena kulikuwa na majirani. Ardhi ile ilikuwa imetoka kwa Wamasai. Waogiek waliishi katika msitu wa Mau, na Wakipsigis hawakuwa mbali. Kiapo kiliwafunga Wakikuyu pamoja kama kuni katika mzigo mmoja, lakini hakikuwa na neno la kumwambia mtu aliye nje ya mzigo. Naye pia alikuwa na malalamiko yake juu ya ardhi.

Mwaka 1992, siasa za vyama vingi ziliporudi, wachochezi waliyatumia malalamiko hayo, na Molo na Olenguruone zikaona nyumba zikiungua tena, safari hii kwa mikono ya jirani.

Mwaka huo huo, tarehe 28 Februari, akina mama wachache waliketi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Wangari Maathai. Mmoja wao alikuwa Monica Wamwere, wa wilaya ya Nakuru. Hawakula kiapo chochote. Walidai jambo moja, wana wao waliofungwa kwa ajili ya siasa waachiliwe, na mpita njia yeyote, wa kabila lolote, aliweza kuketi nao na kusikiliza. Tarehe 3 Machi polisi waliwapiga na kuwatawanya. Baadhi yao wakavua nguo mbele ya askari ili kuwaaibisha. Kisha wakahamia kanisa kuu la All Saints, wakakaa humo miezi mingi. Mwanzoni mwa mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliodaiwa walikuwa wamefunguliwa, na miongoni mwao Koigi, mwana wa Monica.