Kuhuisha cheti cha mtunza nyaraka: hali ya Bukoba na Muleba

Kuhuisha cheti cha mtunza nyaraka ni utaratibu unaomtaka mtaalamu aliyekwishafuzu aoneshe, kila baada ya kipindi maalumu, kwamba bado anaimudu kazi yake. Harudi darasani kuanza upya. Hupeleka ushahidi wa kazi alizofanya, mafunzo aliyohudhuria na mchango wake katika taaluma, au huingia tena kwenye chumba cha mtihani. Asipofanya hivyo hupoteza hadhi ya mwenye cheti, ingawa shahada yake ya chuo inabaki palepale.

Mfumo huo umekomaa zaidi Marekani. Taasisi inayotoa vyeti kwa watunza nyaraka wa nchi hiyo ilianzishwa mwaka 1989, na kwa miaka mingi imefuata mzunguko wa miaka mitano: mwanachama huchagua kufanya tena mtihani au kuwasilisha maombi yenye alama alizozipata kutokana na ajira, elimu, uandishi na utumishi katika vyama vya taaluma. Taasisi nyingine ya huko, ya mameneja wa kumbukumbu, ilitangulia mwaka 1975, nayo hudai saa 100 za mafunzo ndani ya kila miaka mitano.

Tanzania ilifuata njia yake. Idara ya nyaraka za taifa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikapewa sheria yake ya kwanza mwaka 1965, kisha ikaja Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, ambayo iliunganisha usimamizi wa majalada yanayotumika maofisini na uhifadhi wa yale yanayostahili kubaki daima. Sheria hiyo inailinda hati: inaeleza nani aruhusu iteketezwe, na lini wananchi waisome, ambapo kanuni ya jumla ni miaka 30 tangu ilipotengenezwa. Kuhusu mtu anayeishika hati hiyo haikwenda mbali. Haikuunda bodi ya kumsajili mtunza nyaraka mmoja mmoja na kumtaka ahuishe usajili wake, kama wahasibu walivyo na NBAA, wahandisi na bodi yao ya usajili, na maofisa ununuzi na PSPTB.

Pengo hilo hujazwa na mambo manne yasiyoshikana vizuri: vyeti vya chuo, muundo wa utumishi wa umma, mafunzo kazini, na chama cha taaluma, TRAMPA, kinachowakusanya watunza kumbukumbu na nyaraka katika mikutano ya mwaka. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoanzishwa mwaka 2000, hufundisha utunzaji wa kumbukumbu kwa ngazi ya cheti na stashahada katika kampasi zake, zikiwamo za Dar es Salaam, Tabora, Singida, Tanga, Mbeya na Mtwara. Chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka kipo Bagamoyo. Kwa mtumishi wa Mkoa wa Kagera, zilipo Bukoba na Muleba, vyote hivyo viko mbali, na kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Ahueni kidogo ni Chuo Kikuu Huria, chenye kituo cha mkoa Bukoba na programu ya shahada ya ukutubi na menejimenti ya habari.

Kinachopaswa kuhuishwa huonekana vizuri ndani ya masjala ya halmashauri. Barua ikiingia hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huandikishwa kwenye daftari, hupewa namba ya folio na kutundikwa kwenye jalada lake. Jalada hupelekwa kwa ofisa mhusika, naye huandika dokezo kuelekeza folio husika na kulipitisha kwa mwingine. Likijaa hufungwa na kufunguliwa juzuu nyingine, na namba za folio huendelea. Mtunza kumbukumbu msaidizi ndiye anayejua jalada liko meza ya nani. Akikosea namba moja, barua ya mwananchi aliyetoka Nshamba kufuatilia kiwanja chake huzama kwenye jalada la mtu mwingine, na huyo mwananchi huambiwa arudi wiki ijayo. Tofauti ya masjala ya wazi na masjala ya siri, mzunguko wa majalada, upangaji wa maboksi kwenye mashubaka: yote haya hufundishwa chuoni mara moja, kisha mtu huachwa nayo kwa miaka 30 ya utumishi.

Ndani ya miaka hiyo sheria hubadilika. Mtunza kumbukumbu aliyemaliza chuo mwaka 2010 hakufundishwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Moja inamtaka atoe taarifa kwa mwananchi anayeiomba, nyingine inamtaka azilinde taarifa za mtu zisitoke ovyo, na yeye ndiye anayesimama katikati akiwa na jalada mkononi. Tena majalada yenyewe yanahama: mfumo wa ofisi mtandao umeingia serikalini, na dokezo lililokuwa likiandikwa kwa kalamu sasa huandikwa kwenye kompyuta. Cheti cha 2010 hakisemi lolote kuhusu uwezo wake wa kutunza hati ambayo haina karatasi.

Bukoba na Muleba zina sababu zake za kulitazama jambo hili kwa uzito.

Ya kwanza ni hali ya hewa. Bukoba ipo kando ya Ziwa Victoria, karibu na mstari wa ikweta, na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu huo huistawisha migomba na kahawa, lakini huleta ukungu kwenye karatasi na kuwapa mchwa makazi. Sanduku lililowekwa sakafuni kwenye stoo isiyopitisha hewa halihitaji moto ili liharibike. Mafunzo yanayoandaliwa kwa kufikiria ukavu wa Dodoma hayamtoshi mtunza nyaraka wa Kagera. Yeye anahitaji kujua namna ya kupima unyevu, kuinua mashubaka kutoka sakafuni, kuyatenga na ukuta na kukagua maboksi kila msimu wa mvua.

Ya pili ni tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, watu wakapoteza maisha na majengo mengi yakabomoka, yakiwamo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Shule hutunza rejista za wanafunzi waliosoma hapo miaka mingi iliyopita, na wapo watu wazima wanaozihitaji kuthibitisha elimu yao. Mpango wa kuokoa kumbukumbu wakati wa maafa, unaotaja ni kitu gani kitolewe kwanza na kipelekwe wapi, ni somo ambalo mifumo ya kuhuisha vyeti hulipa alama. Kagera inalihitaji kuliko mikoa mingi.

Ya tatu ni mipaka inayohamahama. Wilaya ya Bukoba ya zamani ilimegwa na kuzaa Muleba katika miaka ya 1970, na baadaye Missenyi. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979. Chato, iliyotokana na Biharamulo, ilihamishiwa Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Kila wilaya inapogawanywa majalada nayo hugawanywa, na jalada la shamba lililoko Ihangiro, upande wa Muleba, laweza kubaki Bukoba mjini huku mwenye shamba akihudumiwa Muleba, umbali wa kilomita 70 hivi. Kuandika orodha ya makabidhiano inayosomeka miaka 40 baadaye ni ujuzi, na ujuzi huo hauzaliwi na uzoefu wa kukaa masjala peke yake.

Ardhi ndiyo inayoonesha gharama ya kazi hii. Tarehe 24 Agosti 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Kesho yake Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifungua shauri Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Kashasha ilimpa ushindi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, na shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, ambako Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hukumu hiyo hufundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria vya Afrika Mashariki na kwingineko. Ilitegemea wosia uliohifadhiwa, tarehe zilizoandikwa, na mwenendo wa kesi uliosafiri salama kutoka mahakama ya kijijini hadi Mwanza. Karani wa mahakama ya mwanzo aliyeufunga mwenendo ule bila kuacha ukurasa alitenda kazi ya mtunza nyaraka, liwe lolote jina la cheo chake.

Upande wa pili wa hesabu ni meli ya MV Bukoba. Ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza kupitia Kemondo. Orodha iliyokuwapo ilionesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio maskini na wengi, hawakuwa na orodha. Kwa sababu hiyo idadi ya waliokufa imebaki ya makadirio, na zipo familia ambazo hazina hati yoyote inayosema kwamba mtu wao alikuwamo melini. Kumbukumbu isiyotengenezwa haiwezi kuhifadhiwa na mtaalamu yeyote, ndiyo maana mafunzo ya kisasa humtaka mtunza nyaraka ashiriki tangu hati inapobuniwa, asisubiri iletwe stoo ikiwa na vumbi.

Nje ya serikali, hazina kubwa ya Kagera imo mikononi mwa makanisa. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la White Fathers, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na kanuni ya shirika lao ilizitaka misheni ziandike shajara ya matukio. Wamisionari wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910, na kazi yao ikakua kuwa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT. Rejista za ubatizo na ndoa za parokia, tangu Rutabo hadi Rubya, zina matumizi yasiyo ya kidini: mtu mzima anayeomba cheti cha kuzaliwa kwa kuchelewa mara nyingi hutegemea cheti cha ubatizo kuthibitisha mwaka wake. Anayetunza rejista hizo hayumo katika muundo wa utumishi wa serikali, hapandishwi daraja na mtu yeyote wa Utumishi, na hakuna anayemuuliza mara ya mwisho alisoma lini. Cheti cha hiari kinachohuishwa kingemfaa yeye kuliko mtu mwingine, maana ndiyo njia pekee ya jamii kujua kwamba anajua anachokifanya.

Zipo pia hati zinazohitaji ujuzi wa nadra. Wajerumani waliifanya Bukoba kuwa moja ya maeneo matatu yaliyotawaliwa kwa kupitia watawala wa jadi chini ya mwakilishi mkazi. Mengine yalikuwa Rwanda na Burundi. Hati za Wajerumani zilizopo katika Nyaraka za Taifa ziliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Sehemu yake imeandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa kujifunza. Mtanzania anayeweza kuusoma mwandiko huo na papo hapo akaelewa majina ya Kihaya yaliyomo ni mtu wa thamani kubwa, na mfumo mzuri wa kuhuisha vyeti ungempa alama za kutosha kwa ujuzi huo.

Mtumishi wa Bukoba au Muleba anayetaka kujiweka tayari ana mambo ya kufanya sasa. Kumbukumbu ya mafunzo ndiyo ya kwanza: tarehe, mada, saa zilizotumika na aliyeyatoa, pamoja na nakala ya cheti cha ushiriki. Ushahidi wa kazi ndio wa pili, kama orodha ya majalada aliyoyachambua, mpango wa maafa aliouandika, au ripoti ya makabidhiano. Tangu mwaka 2023 tathmini ya utendaji wa watumishi wa umma hufanyika katika mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, na kazi inayoingizwa humo huacha alama anayoweza kuitumia baadaye. Uanachama katika TRAMPA humfungulia mkutano wa mwaka. Kwa kiwango cha kanda, lipo tawi la Afrika Mashariki na Kusini la Baraza la Kimataifa la Nyaraka, lililoanzishwa mwaka 1969, ambalo huwakutanisha wataalamu wa nchi mbalimbali na kusikiliza mada zao.

Kikwazo kikubwa ni fedha. Nauli, posho na ada ya mkutano mmoja wa Arusha au Zanzibar huweza kuizidi bajeti ya mafunzo ya kitengo kizima cha masjala, na halmashauri ikibanwa, masjala hukatwa kwanza. Utaratibu wowote wa kuhuisha cheti utakaodai safari ndefu utawaacha nje watu wa Muleba, hasa walioko visiwani Ikuza na Bumbire, ambao kufika makao makuu ya wilaya tu ni safari ya boti. Mafunzo kwa njia ya mtandao, mtihani unaofanyikia Bukoba, na alama zinazotolewa kwa kazi iliyofanyika palepale kituoni ni masharti ya haki kabla ya kumdai mtu ada ya cheti.

Waajiri wa Kagera, wa serikali na wa makanisa, hawana haja ya kusubiri bodi iundwe. Waanze kwa kumpa kila mtunza kumbukumbu siku chache za mafunzo kila mwaka, wayaandike katika jalada lake binafsi, na wayahesabu anapofikia kupandishwa daraja.