Mkeve Alisarua Nini?

Hebu tuanze na mtihani. Soma kifungu hiki kisha ujibu maswali.

"Siku ya Jumanne Mkeve alisarua vipeshu vitatu kando ya lundeki kwa sababu alikuwa amedosha."

Swali la kwanza: Mkeve alisarua nini? La pili: alivisarulia wapi? La tatu: kwa nini alivisarua?

Umeshapata yote, sivyo? Vipeshu vitatu. Kando ya lundeki. Kwa sababu alikuwa amedosha. Tatu kwa tatu, bwana, pongezi! Sasa niambie kipeshu ni kitu gani. Hujui, na mimi sijui, maana maneno hayo nimeyabuni jana usiku nikiwa kitandani. Lakini alama umepata.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa ufahamu wa Kiingereza. Tulikuwa tunasoma tuisheni Mbagala, ndani ya nyumba ambayo haijaezekwa, mia tano kwa kipindi, mvua ikinyesha kipindi kimekufa. Mwalimu wetu alikuwa kijana tu, amemaliza Kidato cha Sita, na kanuni yake ilikuwa moja: usianze kusoma habari, utapoteza muda. Anza na swali. Chukua neno gumu lililomo kwenye swali, shuka nalo kwenye habari kama mtu anayetafuta sindano, na ukilikuta nakili sentensi nzima. Tulipiga mitihani ya nyuma kwa mtindo huo, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukawa mafundi. Simlaumu. Tulimlipa atuvushe, akatuvusha. Mwaka 2016 nilipata C ya Kiingereza, na mtaani wakasema jamaa anakata ung'eng'e si mchezo.

Historia nilipata F.

Hapo ndipo palipoanza kuniuma, kwa sababu historia nilikuwa naipenda kufa. Sasa naelewa kilichotokea. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza. Moja lilitaka tupime ni kwa kiasi gani uchumi wa kikoloni ulibadilisha kazi za wanawake. Mimi nikaona neno "ukoloni" likinikonyeza, nikamwaga kurasa tatu za sababu za kuja kwa wakoloni, nilizozikariri neno kwa neno. Wanawake sikuwataja hata kwa bahati mbaya. Nilitoka kwenye chumba cha mtihani nikicheka.

Miaka ilipita. Nikawa naandika riwaya (iko sura ya saba, tafadhali msiniulize itaisha lini) ambayo mhusika wake mkuu ni mwalimu wa tuisheni. Nikataka kujua: huu mchezo wa habari na maswali chini yake ulitoka wapi? Nikaanza kuchimba, kidogo Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, kidogo kwenye simu. Ndipo nikakutana na Mmarekani mmoja, Edward Thorndike, profesa wa saikolojia New York.

Mwaka 1917 Thorndike alichapisha makala kuhusu makosa ya watoto wanaposoma. Makala hiyo iko wazi kwa yeyote kuisoma, na mimi niliisoma siku nne, kamusi pembeni. Aliwapa watoto wa darasa la sita kifungu kifupi kinachosema kwamba huko Franklin kila mtoto wa kati ya miaka saba na kumi na minne sharti aende shule, isipokuwa akiwa mgonjwa sana, au nyumbani kwao kuna mwenye ugonjwa wa kuambukiza, au barabara hazipitiki. Kisha akawauliza kifungu chote kinahusu nini. Wako waliojibu "Franklin" tu, basi. Na kuna mtoto aliyeandika kwamba alikuwa mvumbuzi mkubwa.

Unaona kilichotokea? Franklin ya kwenye habari ni mahali. Huyo mtoto akaliona jina, akamkumbuka Benjamin Franklin wa umeme na radi, akaondoka naye moja kwa moja. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Alikuwa ni mimi na ukoloni wangu! Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anasoma lugha ya darasani kwao, mwaka 1917, na kuna mtu aliyejishughulisha kuuliza kwa nini amekosea.

Jibu la Thorndike ni kwamba kusoma ni kufikiri. Neno moja likipewa nguvu kupita kiasi linameza mengine yote. Msomaji inabidi alipime kila neno, aliunganishe na wenzake, akatae lile lisilohusika, kama afanyavyo mtu anapokokotoa hesabu ngumu. Lakini wakati huohuo Marekani ilikuwa imeanza kupenda mitihani ya kusahihishwa haraka. Miaka miwili kabla ya makala hiyo, 1915, Frederick Kelly kule Kansas alishatoa mtihani wa kusoma kimyakimya ambao mtoto anazungushia jibu au kupiga mstari, na msahihishaji hahitaji kuumiza kichwa. Hiyo ndiyo iliyosambaa zaidi. Ni rahisi kuona kwa nini: kusahihisha fikra za watoto elfu moja ni kazi ya mwaka mzima.

Thorndike huyohuyo alikuwa na kazi nyingine ya kuchosha: kuhesabu maneno. Mwaka 1921 alitoa kitabu cha maneno 10,000 ya Kiingereza, yakipangwa kwa jinsi yanavyotumika mara nyingi. Na hesabu hiyo ndiyo iliyomkutanisha na mtu wa pili wa habari yangu, Mwingereza Michael West, aliyekuwa akifundisha walimu Dacca, Bengal, mji ambao leo ni Dhaka, makao makuu ya Bangladesh.

West namheshimu, ingawa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katika kitabu chake cha 1926 aliona jambo ambalo wakubwa wengi hawakutaka kuliona: watoto wengi wa Bengal huacha shule mapema. Basi akaazima neno la watu wa bima. Ukivunja bima kabla ya muda wake, unarudishiwa kiasi gani? Vilevile mtoto akiacha shule katikati, ile miaka michache ya Kiingereza inamwachia nini mkononi? Kwa West jibu lilikuwa kusoma. Atakayeacha mapema hatapata mtu wa kuongea naye Kiingereza kijijini, lakini kitabu anaweza kukisoma peke yake. Akaanza kuandika upya hadithi kwa maneno machache, mapya yakiingia kidogokidogo. Mwaka 1934 alikutana na Thorndike na wengine New York kujadili maneno gani mwanafunzi ayapate kwanza, ripoti yao ikatoka 1936, na mwaka 1953 West akatoa orodha yake maarufu ya maneno kama 2,000. Vile vitabu vyembamba vya hadithi zilizorahisishwa, ambavyo baba zetu walivisoma sekondari, ni wajukuu wa orodha za namna hiyo.

Tuje nyumbani. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali Tanzania. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1971 tukajitoa kwenye Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na sheria ya 1973 ikaunda Baraza letu wenyewe. Tume ya Makweta, iliyoundwa 1980, ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Mwaka 1983 serikali ikasema hapana. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia, na wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, wakatoa ripoti yao baada ya kupima wanafunzi wetu. Walikuta ni kama asilimia 10 tu ya Kidato cha Nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetegemea masomo kwa Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Yaani yaanze! Wakati hao wanamaliza. Halafu wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia. Mimi hapo huwa nashindwa kuelewa, na safari hii kosa si la Kiingereza changu.

Waingereza wakafadhili mradi uliotuletea vitabu vya hadithi kwa maelfu kuanzia 1987. Kimoja cha namna hiyo nilikinunua Kariakoo, kimechanika jalada, shilingi elfu moja, mwaka mmoja baada ya matokeo yangu. Jambo la kwanza nililofanya ni kufungua mwisho kutafuta maswali. Ukurasa ulikuwa umenyofolewa. Nikakaa nacho kama mtu aliyepewa kufuli bila ufunguo. Nikaanza ukurasa wa kwanza, kwa kukosa cha kufanya, na kufika wa ishirini nikagundua nina wasiwasi kwamba yule baharia atazama. Sikuwa nimenakili hata sentensi moja.

Siku hizi mtoto wa jirani, yuko Kidato cha Pili, huniletea habari zake za mtihani jioni. Mimi nakunja karatasi ili maswali yasionekane, namwambia asome, kisha anisimulie kwa Kiswahili nani kafanya nini na kwa nini. Anachukia kweli. Juzi alisoma, akasimulia vizuri tu, akaniongezea na lake: yule mzee wa kwenye habari ni mwongo, maana mwanzoni alisema hana ng'ombe. Nikafurahi, nikamwambia hilo ni jibu la kiutu uzima.

"Sawa kaka," akasema, huku akiikunjua karatasi kwa nguvu. "Lakini hilo mbona hawajauliza?"