Kiasi cha Baruti

Mzee mmoja wa kijijini kwetu alikuwa na gobori. Jioni, kabla ya kwenda kulinda shamba na nguruwe, alikaa barazani akapima baruti kwa kifuniko cha pembe, akaimimina mtutuni na kuishindilia kwa mdeki pamoja na kitambaa, ndipo akatia risasi. Siku moja nilimwuliza, "Babu, kwa nini usiongeze kidogo ili iende kwa nguvu zaidi?" Akanionyesha mkono wake wa kushoto, uliokuwa na vidole vitatu. "Niliwahi kuongeza, mjukuu wangu," akasema.

Miaka mingi baadaye niliukumbuka mkono ule, niliposoma historia ya risasi za kuwindia wanyama wakubwa. Niliona kuwa hata wenye viwanda na mizani walisumbuliwa na jambo lile lile: kasi, shabaha na usalama utavipatanishaje?

Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 Winchester Magnum. Nia ilikuwa kumpa mwindaji wa tembo na mbogo nguvu ya zile bunduki za Kiingereza za mitutu miwili, kwa bei nafuu zaidi. Kichwa chake cha gramu 32 kiliahidiwa kutoka kwa kasi ya futi 2,130 kwa sekunde. Lakini ganda lilifanywa fupi, inchi 2.5, ili lienee katika bunduki ya kawaida. Basi baruti ikashindiliwa mpaka ikabanana. Risasi nyingine zilipokaa ghalani, baruti iligandamana kama chumvi iliyopata unyevu, ikawaka vibaya, na kichwa kikatoka kimechoka. Waliotaka kasi kwa kushindilia wakaikosa kasi yenyewe, na aliyelipa gharama ni mtu aliyesimama mbele ya mbogo.

Jack Lott, mwindaji na mwandishi wa Marekani, alijeruhiwa na mbogo huko Msumbiji mwaka 1959. Kwao Marekani kuna desturi kubwa ya watu kujaza risasi zao wenyewe nyumbani, naye alitafuta dawa kwa njia hiyo. Hakuzidi kushindilia. Alirefusha ganda hadi inchi 2.8, na mwaka 1971 risasi ya .458 Lott ikajulikana. Baruti ilipata nafasi, na kasi ikapatikana bila gesi kuvuka mpaka wa kile ambacho chuma kinaweza kuhimili.

Wajazaji makini huongeza baruti kidogo kidogo huku wakitazama dalili: fataki iliyobapa, ganda linalong'ang'ania, komeo gumu kufunguka. Yeyote kati ya hizo ni amri ya kurudi nyuma. Na mara nyingi kiasi kinachokusanya matundu pamoja kwenye shabaha huwa chini ya kile chenye kasi kubwa kabisa.

Babu hakujua habari za futi kwa sekunde. Lakini usiku mmoja alinichukua kulinda shamba, na nguruwe alipotokea mbali, nilimsihi apige. Hakupiga. Alitambaa kwenye mihogo mpaka akawa hatua kumi hivi, ndipo nikasikia mlio. Alipohitaji nguvu zaidi, mzee yule aliisogeza miguu yake, si kiasi cha baruti.