Sare za Beni na Heshima ya Mjini

Wengi walioandika habari za ngoma ya beni wakati wa ukoloni walianza na mavazi, na wengi waliishia hapo hapo. Waliona vijana wa Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, wakipita mitaani kwa hatua za gwaride, kofia za kijeshi vichwani, nyuma ya tarumbeta na ngoma kubwa, wakipeana vyeo mpaka ujenerali, na juu ya wote Kingi. Waliona Tanganyika, chini ya Wajerumani, vyama vya Marini na Arinoti vikienea mji hata mji, na vyeo vikifuata watawala mpaka kufikia Kaisari. Wakahukumu kwamba huo ni uigaji mtupu. Mimi nasema sare ilikuwa ngeni, lakini kazi iliyotumwa kuifanya ilikuwa ya pwani tangu zamani: kuonyesha hadharani nani anastahili kuheshimiwa.

Mashindano ya ngoma hayakuletwa na beni. Lamu, watu wa mitaa ya Mkomani na Langoni walishindana tangu hapo. Mombasa kulikuwa na makundi ya Taifa Tatu na Taifa Tisa. Walishindana kwa mashairi, kwa mavazi na kwa karamu, na upande uliochinja ng'ombe wengi uliwaacha wapinzani na deni la heshima. Mavazi yenyewe yalikuwa jambo zito. Zama za utumwa, viatu na kilemba vilikuwa alama za muungwana, na mtumwa hakuruhusiwa kuvivaa mbele ya bwana wake. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922 tu. Katika miji iliyokuwa na kumbukumbu hiyo, mtu kufunga mkanda, kuvaa viatu na kutembea katikati ya njia kulikuwa tangazo kwa kila aliyemjua babu yake.

Wala cheo hakikupatikana kwa kuvaa tu. Vyama vya beni vilichangisha fedha, vikazika wafu, vikawapokea wanachama waliotoka miji mingine, vikalisha wageni. Mkubwa wa chama alitarajiwa kutoa kuliko wengine. Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipowakusanya askari na wapagazi kutoka kila upande, waliorudi makwao walirudi na beni, nayo ikafika Nyasaland na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko ilizaa kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiona Luanshya na kuandika habari zake mwaka 1956. Wachezaji walivaa suruali za kijivu zilizopigwa pasi, fulana safi na viatu vilivyong'arishwa. Kati yao alikuwamo “daktari” mwenye joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na “nesi”, mwanamke pekee katika kundi, aliyezunguka na kioo na kitambaa ili kila mchezaji ajitazame na ajifute jasho. Kazi hiyo ya nesi haikuigwa kutoka gwaride la jeshi lolote. Ni adabu ya watu waliokubaliana kwamba mwenzao asiaibike mbele ya watazamaji, na kumpa mtu maalumu jukumu hilo kunaonyesha uzito walioliwekea.

Wapo walioona kinyume, kwamba chini ya sare kulikuwa na uasi. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliutilia shaka mtandao huu uliovuka mipaka ya makoloni, na baada ya mgomo wa migodi ya shaba wa 1935 tume ya uchunguzi iliuliza juu ya Mbeni, yaani beni kama ilivyoitwa huko. Ni kweli kwamba watu waliozoea kuchanga na kutii viongozi wao wenyewe huweza kugoma pamoja. Lakini beni haikuwa imeundwa kwa ajili hiyo, wala haikuwa ya usawa: Marini walijiona waungwana wa mjini na kuwadharau Arinoti kama watu wa kuja.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni hili: kwa nini kuchagua nguo za jeshi, hasa Tanganyika, ambako jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na kuua watu kwa njaa katika Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907? Maumivu hayo siyapuuzi. Lakini katika jeshi la kikoloni lenyewe Mwafrika alitii amri, na uongozi wa vikosi ulibaki mikononi mwa Wazungu mpaka uhuru ulipokaribia. Katika beni mpishi au mpagazi aliweza kuwa jenerali, akachaguliwa na wenzake na kupigiwa saluti nao. Ndiyo maana nadhani beni ilififia katika miaka ya 1950, chama cha siasa cha TANU kilipoanza mwaka 1954 kugawa kadi na kuchagua makatibu na wenyeviti wa matawi: mtu mwenye kipaji cha kuongoza alikuwa amepata cheo ambacho hata serikali ililazimika kukitambua.