Ardhi Hii Ina Mwezi Wake

Moto wa Lolldaiga ulianza Machi 2021, mwishoni mwa kiangazi, wakati ambapo nyasi za Laikipia huwa zimekauka kabisa. Askari wa Uingereza walikuwa kwenye mazoezi pale. Zaidi ya ekari 10,000 ziliungua: nyasi, mizeituni mwitu, mitarakwa. Watu wa karibu walivuta moshi kwa siku kadhaa, na mtu mmoja aliyekwenda kusaidia kuuzima aliuawa na gari. Haya yote yamesemwa magazetini na mahakamani. Swali langu mimi lilikuwa dogo, karibu la kijinga: kwani nani huamua kwamba mwezi fulani unafaa kwa mazoezi ya vita mahali fulani?

Nilipoanza kulisoma, nikajikuta Alaska.

Kule kuna kambi ya jeshi la Marekani inayoitwa Fort Wainwright, nje ya mji wa Fairbanks. Sehemu kubwa ya ardhi yake ya mazoezi ni tambarare ya mto Tanana, na tambarare ile ni danganya toto. Kwa macho unaona msitu na nyasi. Chini yake kuna udongo ulioganda kwa karne nyingi, mwingine umejaa barafu tupu. Kinachoilinda barafu hiyo ni tabaka la mimea midogo laini linalofunika ardhi kama godoro. Pitisha gari zito la kijeshi hapo wakati wa kiangazi, godoro linachanika, joto linaingia, barafu inayeyuka, ardhi inadidimia. Palipokuwa na njia ya magurudumu panakuwa dimbwi. Dimbwi nalo linazidi kuyeyusha kingo zake, na miaka mingi baada ya dereva kurudi kwao, shimo bado linakua. Pitisha gari hilohilo Januari, kila kitu kikiwa kigumu kama jiwe, na huenda usione athari yoyote ya maana.

Mwaka 1999 watafiti walikamilisha kwa ajili ya kambi hiyo kazi inayoitwa uainishaji wa ardhi kwa misingi ya ikolojia. Jina ni refu lakini kazi yenyewe inaeleweka. Wanaangalia umbo la ardhi, kama ni mlima, bonde au ukingo wa mto. Wanaangalia kilicho chini, kama ni mchanga wa mto au udongo wenye barafu. Wanaangalia mimea. Kisha wanaunganisha, na kila mahali panapofanana kwa mambo hayo panapewa jina moja na rangi moja kwenye ramani. Kamanda hahitaji kujua botania. Anaangalia rangi, anajua hapa pana uvumilivu na hapa hapana.

Msidhani jeshi liliamka siku moja likapenda maua. Sheria inayoitwa Sikes Act ilikuwepo tangu 1960, lakini ni marekebisho ya 1997 yaliyolazimisha kambi zenye maliasili ya maana kuwa na mpango wa kuitunza. Na kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Fort Bragg, North Carolina, ambacho nakipenda sana. Kuna ndege huko, aina ya kigong'ota, anayetoboa kiota chake kwenye misonobari mizee iliyo hai. Wakati huo alikuwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1990 idara ya wanyamapori ya Marekani ikaliambia jeshi kwamba shughuli zake zinamhatarisha ndege huyo, na mazoezi karibu na miti yake yakawekewa mipaka. Hebu fikiria: makomando wa Fort Bragg wakizunguka mti kwa sababu ya ndege mdogo kuliko njiwa! Ramani ilisikilizwa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Sasa turudi nyumbani, maana ati sisi hatuna ramani. Tunazo. Mwaka 1966 Pratt, Greenway na Gwynne walichapisha uainishaji wa nyanda za malisho za Afrika Mashariki. Waligawa ardhi katika kanda sita kwa kiasi cha unyevu, kuanzia vilele vya milima mirefu hadi ardhi kame kupindukia. Kama ulisoma jiografia Kenya, huenda umewahi kukutana na watoto na wajukuu wa kanda hizo. Lakini wale walikuwa wakiwaza ng'ombe, si magari ya deraya. Swali lao lilikuwa mifugo mingapi inaweza kuishi hapa, na ramani hujibu lile ulilouliza tu.

Na hao pia hawakuwa wa kwanza. Wamaasai wana osupuko, nyanda za juu zenye unyevu, na olpurkel, nyanda za chini zilizo kavu. Ukiyachukua kama majina ya mahali tu umepoteza nusu ya maana. Mvua ikinyesha unashuka na mifugo olpurkel, nyasi zingali changa. Kiangazi kikibana unapanda osupuko, ulikokuwa umeacha akiba. Yaani ni ramani na kalenda kwa pamoja, jambo lilelile ambalo watu wa Fort Wainwright walilazimika kulijua kuhusu barafu.

Ramani hiyo ilivurugwa kwa kalamu. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa na kuwapa Laikipia, kwa ahadi kwamba ingekuwa yao muda wote watakaoishi kama kabila. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia kuelekea kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, katika kesi ya Ole Njogo, waliambiwa kwamba ule ulikuwa mkataba kati ya madola, kwa hiyo mahakama ya kawaida haiwezi kuusikiliza. Walowezi wakaweka ranchi. Baada ya uhuru Waingereza wakaendelea kufanya mazoezi nchini, wakiwa na kituo Nanyuki, na baadhi ya ranchi zikawa viwanja vyao.

Udongo wa Laikipia nao hausamehi kila kitu. Kuna ule mweusi wa mfinyanzi unaonasa magari mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Kuna mwekundu wa kichanga ambao ukipoteza nyasi hubebwa na maji. Sisemi ramani ya rangi ingezima moto wa 2021. Nasema tu kwamba mfugaji yeyote wa pale angekuambia, bila setilaiti, nyasi za Machi zinataka nini ili kuwaka.

Badala ya ramani tumezoea fidia. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200, kwa vifo na majeraha ya mabomu yaliyoachwa bila kulipuka maeneo ya Dol Dol na Archer's Post. Kwa Lolldaiga, serikali ya Uingereza ilisema kwanza kwamba mahakama ya Kenya haina uwezo wa kuisikiliza kesi. Ole Njogo angecheka, au angelia. Mwaka 2022 mahakama ya Nanyuki ilisema uwezo inao, na mwaka 2025 zaidi ya watu 7,000 wakalipwa nje ya mahakama.

Nimejaribu kuchora yangu, kwa kalamu tu, kwenye daftari. Safu ya umbo la ardhi, safu ya udongo, safu ya mimea, safu ya wanaoishi jirani. Pembeni nimeweka miezi kumi na miwili. Aprili na Mei, kwenye udongo mweusi, nimeandika: magari hapana. Machi, kwenye nyasi ndefu za vilimani, nimeandika: uliza wafugaji kwanza.