Mlango wa Nakshi na Maana ya "Bure": Sanaa ya Njiani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar



Neno bure limebeba maana mbili zinazovutana. Kupata kitu bure ni kukipata pasipo malipo. Kuhangaika bure ni kuhangaika pasipo faida. Tunapoulizwa jamii hunufaika nini na sanaa inayoonyeshwa nje, pasipo kiingilio, mara nyingi muulizaji ameshazichanganya maana hizo. Hoja yangu ni kwamba historia ya milango ya nakshi ya Zanzibar inatusaidia kuzitenganisha.

Tuitazame historia hiyo bila ya kuipamba. Sehemu kubwa ya milango hiyo ilichongwa katika karne ya 19, wakati utajiri wa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa ulipokuwa ukimiminika mjini. Richard Burton, katika kitabu chake cha 1872 kuhusu Zanzibar, alibainisha kwamba ukubwa wa lango ulikwenda sambamba na hadhi ya mwenye nyumba. Mlango, basi, ulichongwa kwa ajili ya kujivuna. Na mwenye kujivuna hawezi kuificha ndani kazi ya fundi wake. Ilimlazimu aiweke njiani, ambako tajiri na hamali, bibi na mjakazi, waliitazama sawasawa, ingawa hawakuwa sawa katika jambo jingine lolote.

Mpita njia aliona mengi. Aliona miimo iliyochongwa kutoka chini hadi juu, na mfaa, yaani ule ubao wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili za mlango. Aliona pia mabadiliko ya nyakati: kizingiti cha juu kilichonyooka kilitangulia, na kile cha upinde, chenye majani na maua yaliyosongamana, kikaenea mwishoni mwa karne kwa athari ya Kihindi. Njumu za shaba nazo zina asili ya Bara Hindi. Zanzibar zikabaki kuwa pambo.

Kando ya milango mingi pana baraza ya mawe, na hapo ndipo ninapoiona faida kuu. Mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango, wengine husema ni alama ya utumwa, wengine husema ni ulinzi wa nyumba. Mtafiti hana budi kusita, kwani fundi hakutuachia maelezo. Hata hivyo, ubishi wenyewe una thamani: unamfanya mtu asiyesoma kitabu cha historia aizungumze historia, akiwemo yule ambaye mababu zake waliingia mji huu wakiwa watumwa. Kazi iliyo mtaani haina mlinzi wa kumnyamazisha mbishi, wala haina saa ya kufungwa.

Faida ya pili inatuhusu sisi wanaisimu. Istilahi kama mfaa na mwimo hudumu vinywani mwa watu pale ambapo kitu chenyewe kiko machoni mwao. Iko milango iliyong'olewa na kuuzwa mbali. Mlango uliohamishiwa ukumbini kwa mnunuzi unaweza kuhifadhika vizuri kama ubao, lakini umepoteza baraza yake, wabishi wake na watoto ambao wangeuliza, "Hiki kinaitwaje?"

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Heshima hiyo haikutosha kuuzuia uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu. Tulipoteza sehemu ya jengo ambalo kila mkaazi alilijua kwa kulipita tu.

Kwa hiyo ninawaomba wanafunzi waende barazani na daftari, wakusanye istilahi za mafundi na masimulizi yanayopingana, kabla ya wenye kuyajua hawajatutoka. Na wale wanaopanga bajeti za hifadhi ninawaomba wakumbuke kwamba kisichotozwa kiingilio kinahitaji fedha kama kile kinachotozwa. Kitu tunachokitazama bure kikikosa wa kukitunza, ile maana ya pili ya neno letu itakuwa imeshinda.