Daftari la Namba za Siri

Busiu ni kituo cha biashara kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale. Hapo shangazi yangu alikuwa na kibanda cha kuweka na kutoa pesa za simu, na nilipokuwa na miaka 13 alinipa kazi ya kuandika daftari. Kurasa za mbele zilikuwa za miamala: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Kurasa za nyuma zilikuwa na jambo jingine. Hapo tuliandika namba za siri za wazee.

Hatukuwaibia. Wao wenyewe walituomba. Mzee akisahau namba yake, ilimbidi apande gari mpaka Mbale mjini, apange foleni na aonyeshe kitambulisho. Daftari lilimwokolea nauli na siku nzima ya kazi shambani.

Katika insha hii ninadai kwamba historia ya siri zilizovuja katika mifumo yetu ya mawasiliano ina mambo mawili yanayojirudia. La kwanza, siri huwekwa mkononi mwa mtu wa kati ili kazi iwe rahisi. La pili, mwenye mali ndiye wa mwisho kujua kwamba imevuja. Mbali na daftari letu, nitatumia mifano miwili: tukio la Uganda la Oktoba 2020, na kasoro ya programu ya ownCloud ya Novemba 2023.

Tuanze na huduma yenyewe. Kenya ilianza M-Pesa Machi 2007, na mwaka 2009 MTN ilizindua huduma ya aina hiyo hapa Uganda. Benki Kuu ya Uganda ilitoa mwongozo wa huduma hizi mwaka 2013, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikafuata mwaka 2020. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa ya mwanzo watu walijifunza matumizi ya simu kabla ya kanuni, na mwalimu wao alikuwa wakala. Alichosema wakala ndiyo ilikuwa sheria ya kijijini.

Baadaye benki nazo ziliunganishwa na simu. Ili fedha zitoke benki ziingie kwenye simu, mara nyingi hupita katika mfumo wa kampuni ya tatu ambayo mteja haijui. Jumamosi tarehe 3 Oktoba 2020 mfumo wa kampuni kama hiyo ulivamiwa. Benki ya Stanbic, MTN na Airtel zilitoa taarifa ya pamoja kwamba mtoa huduma wa tatu alipatwa na tatizo, kwamba huduma za kutoa fedha benki kwenda kwenye simu zimesimamishwa, na kwamba salio za wateja hazikuguswa. Taarifa haikumtaja mtoa huduma huyo. Magazeti ndiyo yaliyoitaja Pegasus Technologies, na yakaripoti kwamba wezi walitumia laini za simu zipatazo 2,000. Kwa wateja wengi, siku waliyosikia kwamba kuna mtu wa kati ndiyo siku waliyosikia kwamba ameibiwa.

Mfano wa pili unaonyesha vizuri zaidi jinsi siri inavyohifadhiwa na kuvuja. ownCloud ni programu ya kuhifadhi na kushirikiana mafaili, iliyoanzishwa mwaka 2010. Taasisi huiweka katika seva yake yenyewe ili isitegemee kampuni kubwa za nje. Tarehe 21 Novemba 2023 watengenezaji walitangaza kasoro iliyopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Sehemu moja ya programu ilitumia kipande kilichoandikwa na watu wengine, na ndani yake mlikuwa na faili la kuonyesha mipangilio ya seva. Yeyote aliyejua anwani ya faili hilo aliweza kulifungua bila kuulizwa nywila. Katika baadhi ya seva, miongoni mwa mipangilio hiyo zilikuwamo nywila ya msimamizi mkuu na nywila ya seva ya barua pepe. Siku chache baadaye wavamizi walionekana wakizitafuta seva hizo duniani kote.

Kwangu, funzo kubwa liko katika dawa iliyotolewa. Watengenezaji walisema kuizima sehemu ile hakutoshi. Ilibidi faili lifutwe, kisha nywila zote zilizoweza kuonekana zibadilishwe. Siri ikishasomwa, kufunga mlango hakumsahaulishi aliyeisoma.

Je, mwenye mali anaambiwa? Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data aiarifu mamlaka mara moja data ikivuja. Hata hivyo, ni mamlaka hiyo inayoamua kama mwenye data naye aarifiwe. Naelewa hoja ya kuepusha taharuki. Lakini mtu asiyeambiwa hawezi kubadilisha namba yake, na wakati anaposubiri, aliyeisoma anaitumia.

Narudi Busiu. Siku moja mzee mmoja alikuta salio lake limepungua shilingi 180,000, pesa za kahawa alizoziweka kwa ajili ya karo ya mjukuu. Watu wanne tuliweza kulifikia daftari, nami nikiwa mmojawao. Aliyechukua hakujulikana. Shangazi alilipa kutoka mtaji wake, akalichoma daftari jioni ile, akatukataza kulizungumzia. Wazee wengine hawakuambiwa kitu. Namba zao zilibaki zilezile, na baadhi yake nilikuwa nazikumbuka kichwani.

Mwaka jana, baada ya kusoma habari za ownCloud, nilimwambia, “Shangazi, kuchoma daftari hakukutosha.” Alinyamaza kidogo, kisha akanituma nianze na yule mzee. Nilimweleza yote, tukabadilisha namba yake, nami nikageuka upande wa pili alipokuwa akiibonyeza. Alipomaliza aliniuliza, “Sasa nikisahau, mwanangu, nani atanikumbusha?”

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tutapanda gari pamoja kwenda Mbale, na nauli nitalipa mimi.